Chuma, kalsiamu na zinki: vidonge visivyopikwa chungu kimoja



Juma hili tunaongea juu ya vidonge vya madini. Karibu kila nyumba inavyo. Mama mwenye mimba anapewa vya chuma siku ya CPN, vile tunavyozoea kuviita feri. Mtoto aliyeharisha aliandikiwa zinki, na vingine vimebaki ndani ya kabati. Mama mzee anayeumwa magoti ametumiwa chupa ya kalsiamu na mtoto wake aliye ng'ambo. Na sokoni, muuza dawa anasifu chupa yenye "madini yote ya mwili". Wengi wetu tunavikusanya mkononi asubuhi, tunavimeza vyote mara moja kwa kikombe cha chai, kisha tunaenda shambani ao kwenye biashara tukijua kwamba kazi imekwisha.

Lakini kumeza si kupokea. Kidonge kinaweza kushuka tumboni na kutoka chooni bila mwili kukifaidi. Na mara nyingi kilichokizuia ni kidonge kingine, ao kile tulichokinywa pamoja nacho.

Kwa mama mwenye mimba hii si hasara ya franka peke yake. Muganga anapima damu kwa hesabu ya hemoglobini. Mwenye mimba akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, tunasema ana upungufu wa damu; asiye na mimba, chini ya gramu 12. Mama anayefika kuzaa akiwa na damu kidogo, kutokwa damu ambako mwenzake angekuvumilia kunaweza kumwondoa. Hapo ndipo familia inakimbia usiku kutafuta mtu wa kutoa damu. Kwa hiyo inatuuma kuona mama aliyemeza feri yake miezi mitatu bila kuruka siku, na damu imebaki pale pale, wakati ambapo kubadili saa tu kungeweza kumsaidia.

Ubao wa kupandia ni mmoja

Fikirini bandari ya Bukavu asubuhi, mashua ya Goma iko karibu kuondoka. Kila mtu amelipa tiketi yake, lakini ubao wa kupandia ni mmoja. Wakija mmoja mmoja, wote wanapanda. Wakija wote pamoja na mizigo yao, wenye nguvu wanapita na wengine wanabaki ukingoni.

Ndivyo ilivyo ndani ya utumbo mwembamba, pale mwanzoni, mahali chuma kinapoingilia kwenye damu. Kalsiamu nyingi inasonga njia. Zinki na chuma vikiwa vingi kwa wakati mmoja, bila chakula, vinasukumana. Na kuna vitu vingine, kama chai, ambavyo vinakishika chuma mkono na kukizuia kisipande kabisa.

Chuma na chai, chuma na ndimu

Tuanze na chai, kwa sababu ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Majani ya chai yana kitu kinachojifunga na chuma cha mimea na cha vidonge. Kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungepokea. Kahawa nayo inafanya vile vile. Hatusemi muache chai. Tunasema chai ingoje saa moja ama mbili kisha ya chakula ao kidonge.

Rafiki wa chuma ni vitamini C. Ndimu, chungwa, pera, nanasi, embe: vyote vinakisaidia chuma kupita. Sombe yetu ina chuma, lakini tunaitwanga na kuipika muda mrefu, na lazima tuipike hivyo ili sumu yake itoke. Moto huo unaua vitamini C iliyokuwa ndani. Kwa hiyo baada ya bugali na sombe, kula chungwa ao kamulia ndimu kwenye maji ya kunywa. Sambaza ao ndakala ndani ya sombe pia wanasaidia, maana nyama na samaki wanakivuta chuma cha majani kiingie. Maharagi nayo, ukiyalaza ndani ya maji usiku na kumwaga maji hayo, yanaachilia chuma chake vizuri zaidi.

Na udongo? Tunajua dada zetu wengi wanautamani wakiwa na mimba, ule mweupe unaouzwa sokoni. Udongo ule unaweza kukishika chuma ndani ya tumbo. Na hamu yenyewe ya kula udongo mara nyingi inaenda pamoja na upungufu wa damu. Mama mwenye hamu hiyo asione haya. Amwambie muuguzi, apimwe damu.

Chuma na kalsiamu

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kila mwenye mimba apate miligramu 30 mpaka 60 za chuma kila siku pamoja na miligramu 0.4 za asidi foliki. Mahali ambapo watu wanakula kalsiamu kidogo, linashauri pia mwenye mimba apewe gramu 1.5 mpaka 2 za kalsiamu kwa siku, kwa kuwa inapunguza ile hatari ya presha ya mimba inayoleta kifafa cha uzazi. Dawa zote mbili ni nzuri, zote mbili zinaokoa. Lakini zisimezwe kwa mara moja.

Kalsiamu inayoliwa pamoja na chuma inakipunguzia chuma nafasi ya kuingia. Wanaochunguza mambo haya wameona kwamba kwa muda mrefu mwili unajitahidi kuzoea, kwa hiyo mama aliyevimeza pamoja jana asiogope kwamba amejitia sumu. Lakini kwa mwenye damu kidogo, na miezi ya kuzaa inakaribia, kwa nini kupoteza hata kidogo? Viachanishwe masaa mawili ao zaidi.

Tena kalsiamu yenyewe haipendi kuja kwa wingi. Mwili unapokea vizuri miligramu 500 hivi kwa mara moja. Ukizidisha, sehemu kubwa inapita bure. Ndiyo sababu muganga anaigawanya mara mbili ao tatu kwa siku, pamoja na chakula.

Hapa tuwataje wamama wenye kiungulia. Vile vidonge vya kutafuna vya kutuliza moto wa kifua vina kalsiamu, magnesiamu ao aluminiamu ndani. Mama anavitafuna kisha anameza feri papo hapo. Navyo vinazuia chuma. Viachanishwe vile vile.

Zinki na shaba

Wenzetu wa Katanga wanajua mgodi wa Kipushi, ambako zinki na shaba vinatoka kwenye jiwe lile lile. Ndani ya ardhi vinakaa pamoja kwa amani. Ndani ya mwili wa mama, zinki ikizidi, shaba inafukuzwa.

Mwanamke mzima anahitaji miligramu 8 hivi za zinki kwa siku, na 11 hivi akiwa na mimba. Wataalamu wanasema asizidishe 40. Anayemeza 50 ao zaidi kila siku kwa muda mrefu, kwa sababu aliambiwa zinki inaongeza kinga ao inazuia nywele kuanguka, anaweza kupungukiwa na shaba. Na shaba ndiyo inayosaidia chuma kusafiri mwilini hadi mahali damu inapotengenezwa. Matokeo yake ni upungufu wa damu ambao feri haiuponyi. Mama anaongeza vidonge vya chuma, damu haipandi, anaongeza tena, na kumbe mwizi ni zinki.

Kwa hiyo zinki iliyoandikiwa mtoto kwa kuharisha, siku 10 mpaka 14, ni ya mtoto. Impewe yote mpaka siku ziishe, hata kama kuharisha kumesimama. Mama asimalizie yeye.

Iodi na seleni: somo la Karawa

Jambo hili lilitokea kwetu Congo. Katika eneo la Ubangi, kaskazini mwa nchi, watu wengi walikuwa na uvimbe wa tezi ya shingo, na watoto wengine walizaliwa na akili na mwili visivyokua. Sababu ya kwanza ilikuwa kukosa iodi. Mihogo isiyolowekwa vizuri iliongeza shida, kwa kuwa sumu yake ikiingia mwilini inageuka kitu kinachoizuia iodi isiingie kwenye tezi. Uvimbe huo ulijulikana sana hata kwenye kisiwa chetu cha Idjwi.

Waganga waliona pia kwamba watu wa Ubangi walikuwa wanakosa madini mengine, seleni. Wakawapa baadhi ya watu wa Karawa seleni kwanza, wakifikiri ni msaada. Mwaka wa 1991 wakatangaza walichokiona: kwa wale ambao tezi yao ilikuwa tayari dhaifu, homoni ya tezi ilizidi kushuka. Seleni iliufanya mwili uitumie haraka homoni ile kidogo iliyokuwepo, na iodi ya kutengeneza nyingine haikuwepo. Waganga wakaonya: pale palipo na upungufu wa yote mawili, usitoe seleni kabla ya iodi.

Tunalisimulia jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba hata madini ambayo mtu anayakosa kweli yanaweza kumuumiza yakija bila mwenzake. Chupa ya sokoni haijui mwili wako unakosa nini. Kwa iodi, njia yetu ni rahisi: chumvi yenye iodi, ifunikwe vizuri mbali na jua na unyevu, na itiwe chunguni mwishoni mwa kupika. Mihogo nayo ilowekwe siku zake zote.

Dawa nyingine zilizo nyumbani

Kuna wamama wanaotumia vidonge vya madini pamoja na dawa nyingine. Hapa ugomvi unaweza kuharibu matibabu.

Mama anayetumia dawa za ARV zenye dolutegraviri: chuma na kalsiamu vinaishika dawa hiyo isiingie mwilini. Avimeze pamoja na ARV wakati wa kula chakula. Ikiwa hali chakula, ARV itangulie masaa mawili mbele ya madini, ao ije masaa sita kisha ya madini. Asiache dawa yoyote kati ya hizo.

Mama anayetumia levotiroksini kwa ajili ya tezi: aiachanishe na chuma na kalsiamu kwa masaa manne.

Mtu aliyeandikiwa siprofloksasini, doksisiklini ao tetrasiklini: chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu vinazifunga dawa hizo, na ugonjwa unabaki. Amwambie muganga kwamba anameza madini, apangiwe masaa.

Na mwenye mimba anayepewa Fansidari ya kuzuia malaria: asidi foliki ya miligramu 0.4, ile iliyo ndani ya feri ya CPN, haina shida. Lakini vidonge vya asidi foliki vya miligramu 5 vinavyouzwa kwenye farmasi vinaipunguzia Fansidari nguvu. Soma namba kwenye pakiti, ao mwombe mtoto wa shule akusomee.

Masaa ya siku

Kwa mama mwenye mimba aliyepewa chuma na kalsiamu, mpango huu ni rahisi kuufuata:

Asubuhi, pamoja na chakula: kalsiamu. Chai inaruhusiwa, maana chuma hakipo hapo.

Mchana ao magharibi, pamoja na chakula: kalsiamu ya pili, kama uliandikiwa.

Usiku unapoenda kulala, masaa mawili kisha ya chakula: feri, kwa maji safi yenye ndimu ao pamoja na chungwa. Bila chai, bila maziwa.

Wengi wanasema feri ya usiku haiwasumbui kwa kichefuchefu, kwa kuwa wamekwisha lala. Ikikusumbua tumbo, imeze na chakula kidogo. Afadhali kipungue kuliko kuacha.

Maswali yanayorudi katika vikundi

Kama madini yanagombana, kwa nini kuna kidonge kimoja cha wenye mimba chenye vitamini na madini 15? Kwa sababu kile kimepimwa. Kina chuma miligramu 30, zinki 15, shaba 2, na iodi na seleni kidogo, hakuna anayemzidi mwenzake nguvu. Na kalsiamu haimo. Ukipewa hicho, usiongeze feri juu yake mpaka muuguzi akuambie.

Nikisahau jana, leo nimeze viwili? Hapana. Mwili ukipokea chuma unafunga mlango kwa siku moja hivi. Cha pili kitaishia kukuumiza tumbo. Endelea na kimoja.

Choo kimekuwa cheusi. Ni chuma kinachobaki, si ugonjwa. Lakini choo cheusi kinachonata kama lami, na mtu anasikia kizunguzungu, hicho kinahitaji muganga upesi.

Nimefuata masaa yote na damu haipandi. Rudi kituo cha afya. Malaria inakula damu. Minyoo inainyonya, na dawa yake inaweza kutolewa kwa mwenye mimba kuanzia mwezi wa nne. Homa ao ugonjwa uliojificha unaufanya mwili ukifungie chuma. Na aliye na ugonjwa wa damu wa SS asimeze chuma mpaka muganga wake aseme.

Mama aliyemaliza hedhi anahitaji feri? Mahitaji yake yameshuka sana. Asimeze ya binti yake bila kupimwa. Damu ikipungua kwa umri huo, kuna kitu kinachoitoa, na kinatafutwa.

Jambo la mwisho ni la watoto. Feri inang'aa kama pipi. Vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto mdogo. Viwekwe juu, ndani ya kopo lenye kifuniko, na mtoto akivimeza apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheza.

Tunaomba kila kikundi kifanye kazi moja juma hili. Kila mama alete vidonge vyote vilivyo nyumbani kwake, vya CPN, vya farmasi na vya kutumiwa, mviweke mezani na msome pamoja majina na namba. Pale mnapoona chuma na kalsiamu, andikeni masaa mawili tofauti kwenye pakiti. Pale mnapoona zinki ya miligramu 50, ulizeni nani aliiandika na kwa muda gani. Na siku ya CPN ijayo, mwenye mimba abebe pakiti zake zote ndani ya kitenge, si kadi peke yake, amwonyeshe muuguzi.

Juma lijalo tutaongea juu ya kuloweka mihogo. Mubaki na amani.